Kisu cha Mama Mkwe na Rafu ya Juu

Jumamosi, 3 Agosti 1996

Siku ya aibu. Naandika nisije nikasahau, ingawa Otim atahakikisha mtaa mzima wa Mengo hausahau.

Tulikaa barazani kwa Mzee Mahmoud kama kila Jumamosi, mbele ya duka lake la makufuli, tambi za taa na sindano za cherehani. Tuko watatu tu tunaopenda visu vya kukunja. Kuna Mzee mwenyewe, ambaye babu yake alifika huku na biashara kutoka pwani. Kuna Otim, mwanajeshi mstaafu anayetengeneza redio kwenye pembe ya duka. Na kuna mimi, Wangila wa Busia, mtunza stoo ya sabuni. Tunanunua visu vibovu, tunavifungua, tunavitia springi na mipini mipya, tunavifufua. Mke wangu Nelima anauita ugonjwa.

Mzee alitoa kisu chake kipya. Akakifungua, akakifunga. Tak. Mlio mnene, safi, mpaka paka wa dukani akainua kichwa. Nikatoa changu. Nimekihangaikia tangu Pasaka. Nikakifungua kwa madaha. Bapa likachomoka lote na kutumbukia kwenye chai ya Otim.

Otim akachungulia kikombe. Akasema, "Hii kisu yako imejiua." Mzee hakucheka. Aliliopoa bapa kwa kijiko, akalipangusa kwa leso yake mwenyewe, akanirudishia kwa mikono miwili. Angecheka ningemsamehe.

Halafu kuna ile rafu. Kabati lake la kioo limejaa visu, lakini rafu ya juu ni tupu. Anasema itakaa kisu kimoja tu, kile ambacho yeye mwenyewe atakishika na kuchinjia jogoo mara moja bila kurudia. Hata vyake hajaviweka. Unyenyekevu wa kuudhi.

Nimeapa. Rafu ile ni yangu.

Jumapili, 4 Agosti

Kanisani mahubiri yalihusu tamaa. Sikuyasikia vizuri, nilikuwa nafikiria springi.

Shida yangu ni chuma. Chuma cha siku hizi ni bati lenye majivuno. Ukikinoa asubuhi, jioni hakikati hata siagi.

Chakula cha mchana, Nelima akatangaza mambo. Jumapili ijayo unatimia mwaka tangu mama yake afariki. Mdogo wake Nabwire atakuja kutoka Busia na jogoo. Yeye Nelima atamwalika Mzee Mahmoud aje kuchinja, ili naye ale nasi bila wasiwasi.

Jogoo. Mzee. Kuchinja. Nyumbani kwangu Makindye. Nusura nipaliwe na maharage.

Baadaye nilikuwa natafuta kijiko kwenye droo ya jikoni. Chini kabisa nikakuta kisu cha zamani, kimefungwa kitambaa cha maua. Mpini umepasuka. Bapa limeliwa na miaka mpaka limebaki jembamba. Nikaligonga kwa ukucha, likaimba. Feleji ya kweli, chuma kigumu cha enzi zile. Imelala gizani kama haina mwenyewe.

Sikukurupuka. Nilimuuliza Nelima, kwa jumla tu, kama jikoni kuna vitu vya zamani visivyotumika. Alikuwa anakosha sufuria, hakugeuka. Akasema kuna kifungua kopo kina kutu, nikitupe.

Hiyo ni ruhusa.

Jumanne, 6 Agosti

Nyuma ya marundo ya sabuni nina karakana yangu ya siri: jiliwa, tupa mbili, msumeno wa chuma. Saa ya chakula nikalikata lile bapa. Ncha nikaitupa, nikabakiza upande wa karibu na mpini, ulio mnene zaidi. Palikuwa na pengo dogo hapo, kama la jino la mtoto. Nikataka kulisawazisha kwa tupa. Nikaona nitapoteza chuma kizuri bure, nikaliacha.

Springi ya mgongoni nimeitoa Katwe kwa mhunzi, kutoka kwenye springi ya lori. Nimekatika ukucha wa dole gumba. Sijali.

Bosi akaja akauliza mbona stoo inanuka chuma. Nikasema ni sabuni ya aina mpya. Akaondoka akitafakari.

Jumatano, 7 Agosti

Mpini. Nataka mfupa mweupe, wa kuteleza mkononi.

Tatizo la Mengo ni udugu. Bucha nzuri ni ya Usama, na Usama ni mpwa wa Mzee. Nikinunua mfupa wa ng'ombe kwa Usama asubuhi, mchana Mzee anajua, jioni amejiandaa. Mfupa wangu lazima utoke mahali ambapo ndugu wa Mzee hata mmoja hawezi kukanyaga. Nilikaa nikafikiri. Kisha nikaenda Kabalagala, nyuma ya baa, kwa Moreen anayechoma nguruwe.

Moreen alinitazama juu mpaka chini. "Ssebo, bwana, nyama hutaki, unataka mfupa tu? Mbwa yako iko kubwa?" Nikasema ni kubwa sana. Sina mbwa. Akanionea huruma, akasema bambi, maskini, akanipa mfupa wa paja na vipande vya nyama juu yake vya kumpelekea mbwa. Nilivila njiani.

Siri imekamilika. Wakati mwingine najishangaa mwenyewe.

Mfupa nimeuchemshia kwenye birika la stoo. Chai ya saa kumi ilikuwa na macho ya mafuta. Bosi alikunywa vikombe viwili, akasema leo chai ina nguvu.

Alhamisi, 8 Agosti

Tak.

Sijui niandike nini zaidi. Nilipiga ribiti ya mwisho, nikatia tone la mafuta, nikakifungua, nikakifunga. Tak. Si mlio wa Mzee. Ni mzito kuliko wa Mzee, na mwishoni una kitu kama mwangwi. Nikarudia. Nikarudia tena. Mlinzi wa getini akahamisha kiti chake akakae mbali.

Kinanyoa nywele za mkono. Mfupa unang'aa. Kina uzito wa kitu kinachojua kazi yake. Nina miaka arobaini na sita na sijawahi kutengeneza kitu kizuri mpaka leo. Nilitaka kumwonyesha Nelima kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikajizuia. Jumapili atakiona mkononi mwa Mzee, naye atajua ameolewa na nani.

Ijumaa, 9 Agosti

Balaa.

Nabwire kashuka basi na jogoo kwenye kikapu. Jogoo mwekundu, ana macho ya mkaguzi. Tukasalimiana vizuri, akaniita shemeji, akaniambia nimenenepa. Kisha dada wawili wakaingia jikoni, na Nelima akafungua ile droo.

Nilikuwa mlangoni. Nilisikia yote.

Kisu kile kilikuwa cha mama yao. Ndicho alichokatia firigisi ya baba yao maisha yao yote. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mke haigusi, mtoto haigusi, na mume akinyimwa mbele za watu ajue ndoa inayumba. Nelima alipoolewa, mama yake alikifunga kisu kwenye kitambaa, akamkabidhi, akamwambia akatie ya kwangu. Amenikatia nacho tangu siku hiyo. Mpini ulipasuka wiki ya msiba, akakirudisha kwenye kitambaa.

Nabwire akauliza kwa nini hakukipeleka kwa fundi. Nelima akasema alikuwa anasubiri Baba Byron, ndiye mimi, amalize visu vyake vya barazani, halafu amwombe amtilie mpini mpya. Hakutaka fundi mwingine akiguse.

Miaka yote hiyo nimekula firigisi iliyokatwa na kisu kile, na sikuwahi kukitazama. Mimi. Mpenda visu.

Wakapekua droo zote. Wakauliza kama nimekiona. Nikasema huenda ni panya. Nelima akauliza panya anakula kisu? Nikasema wa Makindye hawatabiriki.

Nimelala sebuleni na kisu mfukoni. Nimesema ni mgongo.

Jumamosi, 10 Agosti

Sikwenda barazani. Nilikwenda soko la Owino, nikanunua kisu cha jikoni cha mitumba chenye umbo lilelile. Nikakipasua mpini kwa nyundo. Nikakisugua kwa majivu, nikakiloweka kwenye chai kali, nikakifunga kwenye kitambaa cha maua. Kitambaa kile ni cha kweli, nilikuwa bado nacho. Hapo ndipo ujanja wangu ulipokuwa. Nikakisukuma nyuma ya jiko la mkaa, nikapiga kelele kwamba nimekiona.

Nelima alikipokea. Akakifungua polepole. Akapitisha kidole karibu na mpini, mahali pamoja, kama mtu anayetafuta kitu. Kisha akakinusa. Akakifunga tena, akakiweka mezani, akasema asante.

Akaenda kuchambua mchele.

Nabwire akaninong'oneza, "Shemeji, hii umenunua ngapi?"

Nikasema sijui anazungumzia nini. Nilitaka anitukane. Nelima pia. Mtu akikutukana unajua mahali pa kusimama.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika nikiwa kwenye ngazi za nyuma. Ndani hakuna anayenihitaji.

Mzee alifika baada ya adhuhuri, kanzu nyeupe, kofia ya kazi ya mkono, mfuko wa tende kwa ajili ya Nelima. Alimwita Nelima "binti yangu", akampa pole ya mwaka. Hajasahau jina la marehemu. Mimi hujikwaa.

Jogoo akaletwa uani. Nelima akamkabidhi Mzee kisu cha Owino bila kunitazama. Mzee alikijaribu kwenye ukucha, akatikisa kichwa. Akasema hawezi kumtesa ndege wa watu kwa kitu kama hicho. Akaenda kunawa bombani, akarudi mikono ikidondoka maji, akaninyooshea kiganja. Alijua ninacho. Mfuko wangu ulikuwa umevimba.

Nikampa.

Tak. Jogoo mwenyewe alinyamaza. Mzee alikifunga tena, akakifungua tena, na uso wake ukawa wa mtoto. Alisema hajawahi kusikia mlio kama huo. Alisema maneno hayo mbele ya mke wangu na shemeji yangu, uani kwangu, na nikaiona ile rafu ya juu. Akalipitisha bapa kwenye nywele za mkono wake. Akakigeuza kwenye jua. Akaupapasa mpini kwa dole gumba lililolowa, akauliza, kwa kupenda tu, ni mfupa wa nini.

Ng'ombe. Ni neno moja. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi. Angechinja, na jioni kisu kingekuwa kwenye rafu.

Nikautazama mkono wake. Ni mkono uleule ulioopoa bapa langu kwenye chai.

Nikasema nguruwe.

Nabwire akaziba mdomo. Nikaeleza Kabalagala, nikaeleza Usama, nikaeleza Moreen na mbwa nisiye naye, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Mzee alikiweka kisu juu ya jiwe, taratibu. Nelima akakiokota. Kidole chake kikaenda mahali palepale, karibu na bawaba, kikatulia kwenye lile pengo.

Akasema mama yao alilimegua bapa hapo akifungua mkebe wa maziwa ya Nabwire, Nabwire akiwa mchanga. Kisha akaanza kulia, na hakuinua sauti hata kidogo, na nilitamani ardhi ya Makindye inimeze.

Mzee aliomba udongo safi. Nikachimba kwa mikono. Akajiosha kama alivyofundishwa, kwa udongo na kwa maji, akirudia mpaka akatosheka. Nelima akimmiminia huku machozi yanamtoka, na yeye akimwambia pole binti yangu, kana kwamba aliyekosewa ni mmoja tu, na si yeye. Jogoo alichinjwa kwa kisu cha Mzee mwenyewe.

Mezani Nelima akagawa. Shingo ikaja kwangu. Firigisi akamwekea Mzee Mahmoud.

Mzee anazijua desturi zetu. Alinitazama, akamtazama Nelima, akaona hakuna njia. Aliila polepole, kwa heshima, kama mtu anayemeza dawa ya mwenzake.

Wakati wa kuondoka aliniambia kitu getini. Alisema nilikuwa nimeshashinda, ningefunga mdomo tu. Nikasema najua. Akanishika bega, akasema nije dukani Jumatano na kisu.

Jumanne, 13 Agosti

Nabwire kaondoka. Kituoni aliniambia nimtunze dada yake. Alisema pia hajacheka hivyo tangu msiba, ila alicheka akiwa chooni, kwa adabu.

Nelima anapika, anafua, anajibu nikimuuliza. Kisu kiko kwenye fundo la kanga yake. Nimemwomba radhi. Nimemwomba tena. Alisema ameshasikia. Nilimwambia nampenda, jambo ambalo sisi hatuna mazoea ya kuambiana, akauliza kama nina homa.

Jioni nilimwomba kisu, nikampa sababu. Akafungua fundo.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeuvunja mpini wa mfupa na kuuzika. Chuma nimekiosha mbele ya Mzee, kwa udongo na kwa maji, yeye akisimamia kama mwalimu.

Kisha akaingia ndani akatoka na mbuzi ya kukunia nazi. Ilikuwa ya marehemu mkewe, Mwanawetu. Kiti chake kimemeng'enyuka mguu mmoja, na pale alipokuwa anakalia mbao imekuwa laini na nyeusi. Mzee hajakuna nazi tangu mkewe afariki, na nazi zenyewe hapa ni za kutafuta. Akasema mbao hii imezoea jikoni, haitashangaa. Akakata kipande kwa msumeno wake mwenyewe. Alipofika katikati alisimama, akajifanya anapumzisha mkono.

Otim alizima redio zake zote. Hakuambiwa.

Tulichonga pamoja mpaka alasiri. Mlio umebadilika, mbao imeulainisha. Sasa si wa kumwamsha paka. Mzee alisikiliza, akasema mkewe alikuwa akifunga mlango wa jikoni hivyo.

Akafungua kabati, akanionyesha rafu ya juu kwa kidevu. Hajachinja nacho, na bado alikuwa tayari kuvunja sharti lake.

Nikasema kisu si changu. Sijui neno hilo lilitoka wapi.

Jumapili, 18 Agosti

Nilimpa Nelima baada ya kanisa, kwenye kile kitambaa cha maua. Alikikunjua. Alikifungua, alikifunga. Alikipeleka sikioni. Alipapasa mbao, akauliza ni ya nani, nikamweleza. Akakaa kwenye kigoda akiwa nacho mapajani.

Alisema mama yake angecheka sana kuona kisu chake kinajikunja na kulala kama popo. Halafu akacheka mwenyewe. Kidogo, lakini nilikisikia kicheko kile mpaka kwenye magoti.

Mzee alikuja kuchinja kuku mdogo tuliyemnunua kwa jirani. Alichinja kwa kisu cha mama mkwe, mara moja, bila kurudia. Akakifuta, akamrudishia Nelima kwa mikono miwili. Rafu ya juu imebaki tupu, na Mzee anasema sasa imepata maana: mahali pa kisu kilichoko jikoni kwa wenyewe.

Mezani Nelima akakata firigisi nacho. Nilitazama kila tendo. Naapa nilitazama. Akaiweka kwenye sahani yangu, akakaa, akaanza kula kana kwamba hakuna lililotokea. Niliitafuna polepole, nikainamia sahani. Mzee alijifanya ana shida na mfupa wa bawa.

Nina mke mwema na rafiki mwema, na nimewakosea wote wawili kwa kisu kimoja. Nimejifunza. Naandika hapa ili nisisahau: kitu kilichofungwa kitambaani kina mwenyewe.

Jioni nilimsindikiza Mzee mpaka dukani. Alikwenda kuswali, nikabaki kumfungia madirisha. Kwenye droo ya kaunta, chini ya tambi za taa, nikakuta kitu kimefungwa leso. Nikafungua kidogo tu. Ni ule ulimi wa chuma wa mbuzi ya nazi, wenye meno. Nikaugonga kwa ukucha.

Ukaimba. Feleji bora kuliko ile ya kwanza. Kutoka humo kingetoka kisu cha zawadi, cha kumshukuru Mzee, kitu cha kumfanya alie kwa furaha. Na imelala gizani kama haina mwenyewe.

Sikukurupuka. Aliporudi nilimuuliza, kwa jumla tu, kama dukani kuna vitu vya zamani visivyotumika. Alikuwa anavua viatu, hakugeuka. Akasema kuna tochi mbovu pale mlangoni, nichukue.

Hiyo ni ruhusa.